Peyton Manning wa Denver: mkono uliisha, mchezo haukuisha

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL ya futiboli ya Kimarekani, inapokaribia, kwenye magrupu yetu ya Waswahili tulio Marekani ubishi uleule hurudi: eti Peyton Manning alipewa pete yake ya pili ya ubingwa, eti msimu wa 2015 safu ya ulinzi ya Denver Broncos ilimbeba mzee wa miaka 39 mpaka kwenye kombe na yeye akapanda jukwaani kupiga picha. Mimi ni shabiki wa Broncos, naishi hukuhuku Colorado, na neno hili linaniuma kwa sababu linaficha jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye futiboli ya Kimarekani.

Msimamo wangu ni huu. Mkono wa Manning uliisha nguvu 2011, si 2015. Misimu yake yote minne ya Denver, pamoja na ule wa rekodi wa 2013, aliicheza na mkono wenye kasoro. Kilichoshinda mechi ni kazi aliyoifanya kabla mpira haujaanzishwa. Kazi hiyo hakuiacha hata pale pasi zake zilipokuwa hazitazamiki.

Kwa waliozoea soka, nieleze kidogo. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kati ya jaribio na jaribio kuna saa inayohesabu sekunde 40. Kocha huongea na kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi kama Manning, kupitia kispika kilichomo ndani ya kofia, ila saa ikibakiza sekunde 15 sauti inakatwa, ndiyo kanuni. Kuanzia hapo kwotabeki yuko peke yake. Wengi huutumia muda huo kurekebisha kitu kimoja au viwili. Manning aliugeuza kuwa ndiyo mechi yenyewe.

Alikuwa anafika mstarini na mipango miwili mitatu kichwani, halafu anawasoma walinzi. Walinzi wa mwisho wako wawili nyuma kabisa? Basi mbele wamepungua, mpira ukimbizwe. Nyuma kabaki mmoja? Basi pembeni kuna mpokeaji aliyeachiwa mtu mmoja, pasi iende huko. Mlinzi wa kati akisogea hata hatua moja, Manning anamnyooshea kidole na kutaja namba ya jezi yake kwa sauti, ili wale watano wa mbele wajue hesabu ya kuzuia inaanzia kwa nani. Anapiga kelele, anapunga mikono, anarudi nyuma, anamgeukia mkimbizaji wake na kumnong'oneza kitu, anapiga kelele tena. Nusu ya kelele hizo ni za uongo. Mlinzi aliyekuwa anaficha nia yake ya kuvamia anashindwa kuvumilia, anajitoa mapema, na Manning akishaiona nia hiyo anabadilisha mpango upya zikiwa zimebaki sekunde nne.

Indianapolis alikoanzia, chini ya kocha wa mashambulizi Tom Moore, mipango yenyewe haikuwa mingi. Wapokeaji wake, Marvin Harrison alisimama kulia, Reggie Wayne kushoto, mwaka hadi mwaka. Wapinzani walijua fika kinachokuja, lakini hawakujua ni kipi kati ya viwili. Ndiyo maana mtu asiyejua kukimbia, mwenye urefu wa futi 6 na inchi 5, aliangushwa na mpira mara 10 tu msimu mzima wa 2009. Hakuwa anawakwepa kwa miguu. Mpira ulikuwa umeshatoka mkononi.

Sasa tuje kwenye shingo, maana hapo ndipo wabishi wengi wanaruka.

Manning alifanyiwa upasuaji wa shingo zaidi ya mara moja, na msimu wote wa 2011 hakucheza hata mechi moja. Neva zilizokwenda kwenye mkono wa kulia zilikuwa zimeathirika na msuli wa nyuma ya mkono ukanywea. Mwaka huo, wakati ligi imefungwa kwa mgogoro wa mikataba, alikwenda kufanya mazoezi kwa siri Denver na rafiki yake Todd Helton, mchezaji wa besiboli wa Colorado Rockies. Pasi yake ya kwanza, ya umbali mfupi tu, ilianguka chini kabla ya kumfikia Helton. Helton akacheka, akidhani anataniwa. Manning hakuwa anatania. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Duke kwa David Cutcliffe, aliyemfundisha akiwa chuoni Tennessee, wakaanza kujenga urushaji wake upya kuanzia miguu na nyonga, kwa sababu mkono peke yake haukuweza tena.

Indianapolis bila yeye walishinda mechi 2 kati ya 16. Tarehe 7 Machi 2012 wakamwachia aende, wakamchukua kwotabeki kijana Andrew Luck kwenye drafti, ambako timu huchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Denver wakampokea mtu ambaye ncha za vidole vya mkono wake wa kurushia zilikuwa hazina hisia kamili. Mwisho wa msimu wake wa kwanza huku alianza kuvaa glovu mkono huo baridi ikiwa kali, kitu ambacho kwotabeki mwenye vidole vizima hakihitaji.

Na mtu huyohuyo, 2013, akarusha tachidauni 55 (yaani pasi zilizoishia kwa mpira kufika eneo la mwisho la wapinzani) na yadi 5,477. Rekodi zote mbili za msimu mmoja. Timu ikafunga pointi 606, ya kwanza kuvuka 600. Wachezaji watano tofauti walifunga tachidauni 10 au zaidi: Demaryius Thomas, Julius Thomas, Eric Decker, Wes Welker na Knowshon Moreno. Itazameni mipira yenyewe, wakuu. Inayumba hewani. Mingi ni ya yadi sita, saba, nane. Demaryius anapewa mpira pembeni, wenzake wawili wanamzuilia mbele, anakimbia mwenyewe yadi 40. (Mungu amrehemu Demaryius, alifariki Desemba 2021 akiwa na miaka 33. Sijaona tena hapa Denver mpokeaji mwenye mwili ule na mbio zile kwa pamoja.) Manning alichofanya pale ni kujua, kabla mpira haujaguswa, kwamba upande ule kuna walinzi wawili dhidi ya watu watatu wetu.

Richard Sherman wa Seattle alisema wazi kwamba mipira ya Manning inaruka kama bata. Manning alipoulizwa hakukana. Alikubali kwamba anarusha bata, na kwamba bata hao wamempa yadi na tachidauni nyingi.

Halafu ikaja tarehe 2 Februari 2014, Super Bowl dhidi ya Seattle haohao, na hapa lazima niseme ukweli wote maana uzi huu si wa kumsafisha mtu. Tulifungwa 43-8. Manning alikamilisha pasi 34, rekodi ya Super Bowl wakati ule, na zikazaa yadi 280 na pointi nane. Seattle hawakujali kusomwa. Walikaa kwenye mpangilio wao uleule wa siku zote, wakaruhusu pasi fupi, na kila aliyepokea akapigwa chini palepale. Walijua hawezi kuwapita juu kwa mpira mrefu wa kasi. Ukiondoa tishio la mpira mrefu, kusoma walinzi kunakupa yadi sita, na yadi sita hazitoshi ukiwa nyuma kwa pointi 22 wakati wa mapumziko.

Hata lile jaribio la kwanza kabisa lilitokana na tabia yake. Alisogea mbele kubadilisha wito, kelele za uwanja zikamchanganya senta, yule wa mbele anayemrushia kwotabeki mpira wa kuanzia, senta akauachia mpira, ukampita pembeni ya kichwa mpaka ndani ya eneo letu la mwisho. Pointi mbili kwa Seattle, sekunde 12 tangu mechi ianze.

Kwa hiyo mpaka upo, na nauona hivi: akili inaweza kuufidia mkono mpaka pale ulinzi unapokuwa na wachezaji wazuri kiasi cha kutohitaji kukudanganya. Zaidi ya hapo, mkono unahitajika.

2015 nitaileta hapo chini. Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, hapo kwenye 2015 ndipo tutakapokubana. Tachidauni 9, pasi 17 zilizonaswa na wapinzani. Kwenye Super Bowl yenyewe Denver yote ilipata yadi 194, bingwa wa yadi chache kuliko bingwa yeyote wa Super Bowl, na jaribio la tatu walifaulu 1 kati ya 14. Sasa kama huko si kubebwa, kubebwa ni nini? Pete ile ni ya mlinzi Von Miller na wenzake, tusizungushane.

Mleta uzi

Namba zako zote ni sahihi na sizikimbii. Niongeze moja mbaya zaidi: tarehe 15 Novemba 2015 dhidi ya Kansas City alikamilisha pasi 5 kati ya 20, yadi 35, nne zikanaswa. Siku hiyohiyo alimpita Brett Favre kwa yadi nyingi za kurusha katika historia ya ligi, na kabla robo ya tatu haijaisha akatolewa nje. Mguu wake ulikuwa na jeraha la utando wa unyayo, na kwotabeki aliyejenga urushaji wake upya kutokea miguuni, ukimnyima mguu umemnyima kila kitu. Kwa siku ile hana utetezi kutoka kwangu, asingepaswa hata kuanza.

Lakini kuna jambo la pili ambalo watu hawalitaji. Mwaka ule alikuja kocha mpya, Gary Kubiak, na mfumo wake unataka kwotabeki asimame karibu na senta, apokee mpira, ageuze mgongo, adanganye kukimbiza, kisha atoke mbio pembeni. Kijana wa miaka 25 anaupenda. Manning alipogeuza mgongo hakuweza kuwaona walinzi, yaani alinyang'anywa kile kitu kimoja alichokuwa amebaki nacho. Angalieni mechi ya pili ya msimu, ugenini Kansas City. Walipomrudisha nyuma yadi chache, akapokea mpira akiwa anautazama uwanja wote, alisawazisha kwa pasi kwa Emmanuel Sanders zikiwa zimebaki sekunde 36, kisha Bradley Roby akaokota mpira ulioponyoka na tukashinda 31-24. Baadaye yeye na Kubiak wakakubaliana mahali pa katikati. Tarehe 1 Novemba, dhidi ya Green Bay ambao walikuwa hawajafungwa kama sisi, alirusha yadi 340 na tukashinda 29-10. Wiki mbili baadaye ndipo likaja lile la Kansas City. Mwili wa miaka 39 uko hivyo, leo unakupa, kesho unakunyima.

Sasa hoja yangu kubwa, nayo haimo kwenye takwimu zake. Mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Januari 2016, nyumbani dhidi ya San Diego. Kijana Brock Osweiler ndiye aliyekuwa anaanza. Timu imepoteza mpira mara tano. Tuko nyuma 13-7 robo ya tatu. Kubiak anamwingiza Manning. Alirusha pasi 9 tu siku hiyo, akakamilisha 5. Ukisoma karatasi utasema hakufanya lolote. Lakini safari yake ya kwanza uwanjani iliishia kwa tachidauni, na mpira wa kukimbiza uliokuwa umekwama ukaanza kupita. C.J. Anderson akapita, Ronnie Hillman akapita, tukamaliza 27-20. Watu wa mbele ni walewale, wakimbizaji ni walewale. Kilichobadilika ni mtu anayeamua, baada ya kuhesabu walinzi, mpira ukimbizwe kulia au kushoto. Huwezi kuhesabiwa yadi kwa kumwambia mwenzako akimbilie kule kusiko na mtu.

Ushindi ule ulitupa namba moja ya ukanda wetu, AFC, ambao ni nusu moja ya ligi, yaani mechi zote za mtoano zichezwe Denver.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni mgeni wa mchezo huu, niko Mombasa, na huku Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku kwa hivyo huwa napata nusu tu kabla ya usingizi. Swali langu dogo: lile neno "Omaha" alilokuwa akipiga kelele ni siri gani? Na je, wapinzani hawangeweza kulizoea wakamkamata?

Mleta uzi

Karibu sana ndugu yangu wa Mombasa. Omaha ni mji wa Nebraska, hauhusiani na mchezo. Baada ya kustaafu alieleza kwamba kwa kawaida lilikuwa linawaambia wenzake: mpango umebadilika, saa inakwisha, mpira unaanzishwa sasa hivi. Januari 2014, kwenye mtoano dhidi ya San Diego, maikrofoni za uwanjani zilimnasa akilisema mara 44.

Wapinzani walilizoea, tena ndicho alichotaka. Mlinzi akishajua kwamba baada ya neno lile mpira unatoka, anaanza kuruka mbele. Wiki inayofuata Manning analisema na mpira hautoki. Mlinzi amevuka mstari, adhabu, yadi tano za bure. San Diego siku ile waliingia mtego huo mara kadhaa.

Mchangiaji wa 4

Kwa lugha ya soka huyu ni Pirlo wa miaka ya Juventus. Hakimbii, hapigi mbio na mtu, lakini anajua mpira unakwenda wapi kabla ya wengine.

Mleta uzi

Nimeupenda, ila kuna tofauti moja inayompa Manning uzito zaidi. Pirlo anaamua na mpira ukiwa mguuni mwake na miguu yake ilibaki na ufundi uleule. Manning alipoteza ufundi wenyewe wa mkono, akabaki na uamuzi mtupu. Ingekuwa kama Pirlo asiyeweza tena kupiga pasi ya mita 40, na bado timu inamhitaji katikati.

Mchangiaji wa 2

Nimekuelewa kuhusu San Diego, ile siikatai. Lakini Tom Brady, kwotabeki wa New England Patriots? Wamekutana mara 17, Brady kashinda 11. Brady naye alizeeka, mbona yeye hakuhitaji visingizio vya shingo?

Mleta uzi

Brady ndiye mkubwa wao wote, sina ubishi na kombe saba. Mwili wake ulimtunza na yeye akautunza. Lakini umetaja 11 kwa 6 ukaacha mtoano. Kwenye mtoano wamekutana mara tano na Manning kashinda tatu, zote tatu zikiwa fainali za ukanda wa AFC: msimu wa 2006 akiwa Indianapolis, walipotoka nyuma 21-3 wakashinda 38-34, kisha 2013 na 2015 akiwa Denver. Na kuna kitu nataka ukitazame vizuri. Mechi zote hizo tano zilishindwa na mwenye uwanja. Mbili za Brady zilichezwa kwake Foxborough, tatu za Manning kwake.

Sasa rudi San Diego. Tungepoteza mechi ile tungemaliza na ushindi 11, Patriots walikuwa nao 12, na fainali ingechezwa kwao. Badala yake ilichezwa Denver tarehe 24 Januari 2016, tukashinda 20-18. Manning alirusha tachidauni mbili kwa Owen Daniels, hakuna pasi iliyonaswa, na kwenye jaribio la tatu moja alitoka mbio mwenyewe yadi 12 akajitupa mbele huku uwanja mzima umesimama. Mwishoni Patriots walihitaji pointi mbili kusawazisha, wakashindwa. Tofauti ya pointi mbili, nyumbani. Osweiler naye apewe haki yake, yeye ndiye aliyewafunga Patriots haohao Novemba katika muda wa nyongeza, na bila hilo namba moja isingekuja.

Kwenye Super Bowl dhidi ya Carolina, tarehe 7 Februari, nakubaliana nawe kabisa. Von Miller alimpokonya Cam Newton, kwotabeki wao, mpira mara mbili na zote mbili zikazaa tachidauni. Ilikuwa 24-10, na Miller alistahili kuwa mchezaji bora wa mechi. Manning alikamilisha pasi 13 kati ya 23, yadi 141, moja ikanaswa, na mpira ukamponyoka pia. Lakini kumbuka alivyocheza baada ya kuongoza: hakulazimisha. Alipoona hakuna, alikimbiza mpira, akaacha saa itembee, akamwachia Miller kazi. Kwotabeki mwenye majivuno, mwenye rekodi zote zile, siku ya mechi yake ya mwisho, angetaka kuonyesha mkono. Yeye aliujua mkono wake kuliko sisi wote.

Kwa hiyo safu ya ulinzi ilishinda Super Bowl, sawa. Ila ni nani aliyeipeleka timu Super Bowl kwa njia ya nyumbani? Jibu la hapo lina watu wengi ndani yake, na Manning ni mmojawapo kwa haki.

Mchangiaji wa 3

Shukran sana. Kama mtu ana nafasi ya mechi mbili tu za kumwangalia huyu mzee, aanze na zipi? Nataka zile za mkono mbovu, si za ujana.

Mleta uzi

Anza na ufunguzi wa msimu wa 2013 dhidi ya Baltimore, tarehe 5 Septemba, tachidauni saba. Halafu ruka moja kwa moja mpaka ile ya San Diego ya Januari 2016, nusu ya pili tu. Ukiangalia zote mbili usifuate mpira. Saa ikifika sekunde 15 mtazame yeye, kisha mtazame mlinzi wa kati, kisha yule wa mwisho aliye nyuma kabisa. Jaribu kubashiri mpango kabla haujaanza. Mara za kwanza utakosa zote. Ukianza kupata hata moja kati ya tano, rudi hapa tuendelee, maana nina mengi ya kusema kuhusu ile ya Green Bay.